Mkunga wa Mpunga

Nenita alipojiunga na chama cha wakulima watafiti kijijini kwao, mkoani Nueva Ecija, mumewe Teroy alipata kichekesho cha msimu mzima. Kila asubuhi alimkuta mkewe ameinama shambani na kibano cha kung'olea nyusi, akikutanisha ua la mpunga mmoja na la mwingine ili apate mbegu mpya.

"Mkunga, mzazi hajambo?" alimtania.

"Hajambo kuliko mpunga wako wa mbegu ya dukani," Nenita alijibu bila kuinua kichwa.

Misimu ikapita. Wataalamu waliowafundisha wakaenda zao, wanachama wakaendelea kupanda, kulinganisha na kuchagua wenyewe. Kisha kikaja kimbunga. Mpunga wa Teroy ukalala matopeni. Wa Nenita, wenye bua fupi na nene, uliinama ukainuka.

Teroy alizungukazunguka jikoni hadi mchana ndipo akasema, "Mke wangu, ile mbegu utanigawia?"

"Mbegu ni ya chama, baba. Njoo mkutanoni uombe kama wenzako."

Akaenda, kofia mkononi. Wakampa mbegu pamoja na kipande cha shamba la majaribio akitunze. Haukupita msimu, Teroy akawa anabishana na kila mtu kuhusu mbegu ipi ibakizwe, utadhani yeye ndiye aliyekianzisha chama.