Shikamoo Pembeni mwa Uwanja

Mwaka wangu wa saba Tumati nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao. Nilipangiwa huku kwenye baridi ya milimani kutoka Lindi, nikaja na feni, na feni hiyo mpaka leo haijatoka kwenye boksi. Maombi ya uhamisho nilishapeleka mara tatu. Juu ya vipindi vyangu vya hisabati nikakabidhiwa timu ya mpira ya wasichana, kwa sababu wenzangu walikuwa wepesi kuliko mimi kutazama dirishani mwalimu mkuu alipokuwa akitafuta mtu.

Timu yenyewe ilikuwa na mchezaji mmoja. Wengine kumi walikuwa wasindikizaji, Mungu anisamehe. Huyo mmoja alikuwa winga wa kulia, binti wa darasa la saba aliyelelewa na babu yake. Uwanja wetu una mteremko na mashimo ya kwato za ng'ombe, lakini yeye alikimbia na mpira utadhani yuko kwenye lami. Kasoro yake ilikuwa upole. Akimwangusha mtu, anarudi kumwinua. Nilijua akichaguliwa timu ya wilaya, kuna sekondari ya bweni ingemchukua kwa ajili ya mpira. Asipochaguliwa, atabaki na ng'ombe. Na babu alishasema kwamba mtoto wa kike haendi kulala kambini na watu asiowajua, watamharibu.

Jumamosi moja nikawawekea filamu ya katuni kwenye kompyuta yangu, madirisha ya darasa tumeyaziba kwa magunia. Ilihusu timu za wasichana zinazoshindana katika nchi ya theluji. Macho yao makubwa kama vikombe, na wakipiga shuti mpira unatoa moshi. Nilitaka wanangu wajifunze roho mbaya kidogo. Nahodha wa kwenye filamu alipita na mpira mbele ya wazazi wake waliosimama pembeni, asiwatazame hata kidogo, akaenda kufunga. Nilitegemea makofi.

"Mwalimu, hajawasalimia?" akauliza winga wangu.

Nikamjibu kwa ukali kwamba uwanjani hakuna shikamoo, ukiwa na mpira huna baba wala babu. Nikairudisha sehemu ile mara tatu. Safari ya tatu wakacheka, nikadhani somo limeingia.

Mechi ya kuchagua wachezaji ilichezwa Endagikot, siku ya baridi na upepo wa kupeperusha chokaa ya mistari. Wachaguzi wawili walikaa kwenye benchi na daftari zao. Binti aliwasumbua mabeki wa wenyeji mpaka wakaanza kulaumiana, akafunga bao moja. Wenyeji wakarudisha. Zikiwa zimebaki dakika chache akapata mpira peke yake upande wa kulia, beki yuko chini, kipa ametoka ovyo golini. Na pale mbele yake, kwenye mstari, amesimama babu yake, blanketi begani na fimbo mkononi. Alikuwa amekuja bila kumwambia mtu.

Binti akasimama. Akaukanyaga mpira, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, babu."

Babu akaitikia marahaba bila haraka, akamuuliza kama amekula. Beki akainuka, akauchukua mpira kama mtu anayeokota kuni, na wenyeji wakaenda kufunga. Tukafungwa mbili kwa moja. Mchaguzi mmoja aliinama, akakata jina moja kwenye daftari. Sikuhitaji kusogea ili nijue ni jina la nani.

Nilimfokea binti mbele za watu, na mpaka sasa naona aibu. Alilia kimya kimya. Akasema, "Nilimwona, mwalimu. Ningempitaje?"

Babu akanifuata. Nikamwamkia huku moyo unachemka. Akaniambia alikuja kuona kwa macho yake mpira unamfanya nini mtoto, na ameona ni mtoto yule yule aliyetoka nyumbani kwake.

"Mchukue," akasema. "Hata akienda mbali, huyu hatanipita kama mti."

Mwaka mzima nilikuwa nimekiomba kibali hicho. Nilishukuru, nikapanda gari na watoto, nikajifanya nimesinzia mpaka Tumati.

Orodha ilifika wiki iliyofuata, na jina lake halikuwemo. Nikaenda nyumbani kwao kwa miguu, jioni jua halijazama. Uani niliona sanduku la bati la marehemu mama yake, limeoshwa, limeanikwa wazi likauke. Mzee alikuwa anapukuchua maharage. Nilipomweleza, aliacha kupukuchua, akauliza, "Kosa lake lilikuwa nini?"

Nililitazama lile sanduku. Nikamwambia hakuwa na kosa, ila walikuwa wanatafuta winga wa kushoto.

Akafikiri. "Kushoto hafundishiki?"

Nikasema anafundishika. Ndipo binti akatoka nyuma ya nyumba na majani ya ng'ombe kichwani. Kwa jinsi alivyonitazama nilijua amesikia kila kitu, na ukweli anaujua. Akatua mzigo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."