Uzinduzi wa Sabuni ya Zamani

Wifi yake alimchukulia sabuni, akaipa jina jipya, akasimama mbele za watu akasema ameibuni yeye. Ndivyo ilivyokuwa, na habari hii haina upande wa pili.

Miaka kumi na minne mtaa ulimwita Mama Povu. Alipikia sabuni uani, kwenye sufuria lililong'oka sikio moja, na kila kipande alikibonyeza katikati kwa dole gumba kujua kama kimekauka. Kishimo kilibaki hapo, wateja wakakizoea. Mume alipofariki, dada wa marehemu, wifi huyo, alikuja kukaa naye miezi mitatu. Alikoroga, akauliza, akaelezwa kila kitu. Ndugu hafichwi chungu.

Kisha ikaja kadi. Mama Povu hakwenda shule, akasomewa na jirani yake, fundi cherehani.

"Unaalikwa kwenye uzinduzi."

"Uzinduzi ndiyo nini, shoga?"

"Kitu kipya kutolewa hadharani mara ya kwanza. Simu inazinduliwa, kitabu kinazinduliwa."

"Na kilichokwisha kutumika?"

"Hicho hakizinduliwi, mwenzangu. Kinauzwa tu."

Walikwenda wote wawili. Ukumbi ulikuwa na viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe. Wifi alivuta kitambaa mezani, na sabuni zikaonekana, kila moja na kishimo chake katikati, vyote sawasawa, vimetolewa na mashine.

"Kishimo hiki ni nembo," wifi alisema kwenye kipaza sauti. "Nilioteshwa!"

Makofi. Mama mkwe, aliyefua kwa sabuni ile tangu siku ya kwanza, alipiga makofi na kigelegele juu.

"Simama useme, wewe!" fundi alimfinya.

Mama Povu hakusimama. Aliangalia dole gumba lake kama la mtu mwingine. Watu walipoanza kunywa soda ndipo akamfuata wifi yake.

"Wifi, waambie ni yangu. Kipaza sauti bado kinafanya kazi."

"Jamani wifi nawe! Sabuni ni sabuni. Ulilala nayo miaka yote hiyo, mwenye macho kaizindua. Kunywa soda, ukinuna utazeeka."

Alikunywa. Haikuwa tamu wala chungu.

Kesho yake alikoroga kama kawaida. Mteja wa miaka mingi akakigeuza kipande mkononi, akacheka.

"Mama Povu, siku hizi unaiga ya wifi yako? Hata kishimo!"

Mama Povu alimfungia kipande chake kwenye gazeti, akampa.

Hataki sehemu ya biashara ya wifi yake. Wifi anadaiwa maneno machache tu: kwamba sabuni ile ilikuwepo, na aliyeitengeneza ni mke wa kaka yake. Ayaseme mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile. Na mama mkwe anadaiwa kusema, "Kweli, mimi nilifulia." Mpaka leo hakuna aliyefungua mdomo.