Nyongeza Niliyompa Hajji

Siku ile ilinigharimu kandambili moja (ya kushoto), karanga za kutosha arusi na siri niliyoificha kambini Nakivale hata jirani wa ukuta mmoja asiinuse, na ninaisimulia mwenyewe kwa sababu nimesikia wengine wakiisimulia, wanaongeza.

Nina homa ya ini aina ya B, ile isiyoondoka, basi kila siku saa kumi nameza kidonge kimoja. Shida ni kopo. Ukitembea nalo linalia kama kayamba ya kwaya, na wifi yangu wa Nyamitanga, ambako nafikia nikija Mbarara kuuza karanga, ana masikio ya kusikia chumvi ikiyeyuka. Kwa akili zangu nikavifunga vidonge katika karatasi ileile ya kufungia karanga, kopo nikamuuzia mama wa ugoro (nilimbana mpaka akapandisha bei, nikajiona mjanja).

Sokoni akaja Hajji muuza vitambaa, akanunua za kwake na za wazee wenzake, akadai nyongeza. Kwetu Kivu nyongeza ni haki ya mnunuzi, ila mimi huwa naisahau kwa makusudi. Siku hiyo, labda kwa furaha ya kopo, nikachomoa kifurushi mkobani bila kutazama, nikampa.

Saa kumi nafungua kifurushi changu cha dawa: karanga. Nikamwaga mkoba wote, nikafungua kimoja kimoja, nikarudia. Karanga tupu. Nikakimbia, kandambili ikabaki mtaroni, nikamkuta Hajji kwenye baraza ya msikiti na wazee waliotoka kuswali, wote wanatafuna.

“Hajji, usikule iyo ya nyongeza.”

Taya zikasimama. Mzee mmoja akatema.

“Mama Furaha, wewe natia sumu?”

“Hapana, Hajji. Ni dawa yangu mimi.”

“Dawa ya nini?”

Ningeweza kusema ya kichwa, lakini walikuwa wananitazama kama mchawi aliyekamatwa na ungo wake, na kesho nitamuuzia nani?

“Ya ini. Ya kila siku.”

Hajji akakigeuza kifurushi, hakijafunguliwa. “Mimi najua iko na maneno. Hii mama hajapatia mimi kitu ya bure, hata siku moja.” Akakataa kukirudisha mpaka apate nyongeza ya kweli. Nikagawia baraza nzima.

Kutoka hapo nikaenda kliniki nikichechemea. Muuguzi akatazama vidonge vilivyolowa mafuta, akauliza kopo liko wapi. Nikamwambia lina ugoro. Akanipa kopo jipya na maneno: dawa isitoke kwenye kopo lake, nisiruke siku, nisiache mwenyewe hata nikijisikia na nguvu, maana ukiacha ghafla ini linaweza kuchafuka kuliko mwanzo. Na wote ninaolala nao nyumba moja waje wapimwe, asiye nayo achanjwe.

Nilipofika Nyamitanga habari ilikuwa imeshakaa, imevua viatu. Wifi alinipakulia vizuri tu, lakini tangu jioni ile sahani yangu inakaa peke yake dirishani, na muuguzi alisema wazi kwamba ugonjwa huu haupiti kwenye sahani.

Mimi ninayeweza kubishana bei na askari nashindwa na mwanamke mmoja. Nataka aje kupimwa, naye hanitazami. Ninyi mliokwisha kumwambia mtu wa nyumbani jambo kama hili, mlianza na neno gani?