Mama Alipougomea Uvimbe Chakula

Mama yangu huwatangazia majirani wote wa Mbugani, huku Kyela, kwamba nasomea panya. Si uongo mtupu. Utafiti wangu wa uzamivu ni wa seli za saratani, na panya ndio wanaobeba uvimbe ninaouchunguza.

Niliporudi nyumbani likizo hii nilimkuta ameanza matibabu ya uvimbe kwenye titi. Akaniuliza hasa nachunguza nini huko maabara. Nikamweleza kwa mbwembwe: seli za saratani ni walafi, zinakomba sukari yote iliyo jirani, na askari wa mwili wanaotakiwa kuzipiga wanabaki hoi kwa njaa. Akasikiliza kwa heshima zote, akanishukuru kwa kilugha, "Ndaga, mwanangu," na kuanzia jioni hiyo akagoma kula. Wali hataki, ndizi hataki. Sukari akaifungia kabatini, wageni wakawa wanakunywa chai chungu huku wakiniangalia mimi.

"Mama, na askari wako nao wanakula chakula hichohicho."

"Watavumilia. Askari ndivyo walivyo."

Daktari wake alikwisha sema wazi kwamba akizidi kukonda, dripu ya dawa inayofuata itaahirishwa. Mifupa ya mabega ilikuwa imeanza kuonekana. Niliogopa sana, na kubishana naye nilishashindwa tangu utotoni. Nikaamua kumchokoza.

Nilinunua mchele wa mkoa mwingine, ule usionukia kabisa, nikaupika mpaka ukawa bokoboko. Mama mdogo alipokuja kumjulia hali dada yake, nikampakulia mbele ya mama.

"Karibu, mama mdogo. Mchele wa shamba la mama huu."

Mama mdogo, ambaye sikuwa nimemdokeza lolote, akatafuna polepole. "Dada, shamba lako limepatwa na nini?"

Mama akainuka. Akanusa sufuria, akanitazama kama mtu aliyetukanwa kanisani.

"Gwe mwana! Huu ndio mchele wangu?"

Akaingia jikoni mwenyewe. Muda si mrefu harufu ya wali wa Kyela ikafika barabarani, na samaki aina ya mbasa wa ziwani akachemka pembeni. Akaonja chumvi. Akaonja tena, eti mara ya kwanza hakuisikia vizuri. Kisha akaketi na sahani nzima ili kumthibitishia mdogo wake, akaithibitisha yote. Mimi nilitazama ukutani nisije nikacheka.

Alipomaliza, akanigeukia.

"Sasa, mwanangu, nikila hivi nitapona?"

Kuhusu panya nina kurasa na kurasa. Kuhusu mama yangu sikuwa na hata sentensi moja.

"Sijui, mama."

Akanisogezea sahani.

"Leo angalau umejibu kwa kifupi. Nipakulie tena."