Kiraka cha Tata

Mpaka leo nikinusa gunia jipya la katani, ile harufu yake ya mafuta na vumbi, nakumbuka kinena cha baba yangu. Mniwie radhi, si jambo la kusimulia mezani.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu Ihembe. Baba, ambaye kwetu tunamwita Tata, alikuwa na ngiri. Ilishonwa mara moja, ikatulia misimu miwili ya kahawa, nilihesabu nikarudia, kisha akabeba mkungu wa ndizi na uvimbe ukarudi palepale. Dada yangu Domina alibakiza wiki nane aolewe, na kwetu baba hukanyaga mwenyewe ndizi za rubisi, pombe ya harusi ya binti yake. Tata hakuweza hata kuinua mguu kuingia kwenye mtumbwi wa kukamulia ndizi. Wadogo zake wawili wakajitolea kumkanyagia. Tangu siku hiyo chakula hakikumpita kooni.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi, nami ndiye niliyembebea mkeka hospitalini. Daktari alimwonyesha kipande cha wavu mweupe, laini, kipana kama kiganja.

"Safari hii hatuvuti nyama, mzee. Tunaweka hiki juu ya tundu, mwili wenyewe utakishika."

"Mlishona, pakaachia. Leo mnanifunika wavu kama kifaranga?"

Mimi nilikuwa nashona magunia ya kahawa na Mama. Nikasema, "Tata, gunia lililochakaa ukivuta kingo zake, linachanika pembeni ya uzi. Mama huweka kiraka kikubwa kuliko tundu."

Daktari aliniangalia kama mtu aliyeibiwa hotuba.

"Kiraka cha mama yako kimewahi kufumuka?" Tata aliuliza.

"Bado. Nimehesabu."

Hapo akaanza kupatana. "Nisibebe kitu kwa muda gani?"

"Wiki sita."

"Mbili."

"Mzee, hapa si mnadani."

"Basi nne."

"Sita."

Tata alihesabu vidole, akarudia. "Haya, sita. Ya saba nakanyaga."

"Ya saba kanyaga."

Wiki ya saba baada ya kuwekewa wavu alikunja suruali hadi magotini, akaingia mtumbwini. Ndizi mbivu zikalia chini ya nyayo zake, juisi ikapanda vifundoni, na harufu yake tamu ikavuta nyuki wa kijiji kizima. Wadogo zake walisimama na vibuyu mikononi. "Ile miguu mliyonikopesha," aliwaambia, "irudisheni kwenye viatu."

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba gunia langu ndilo lililomshinda Tata. Sasa nauza maharage sokoni Nyaishozi, na nimejifunza kumtambua mtu aliyekwisha kuamua ila anaona haya kukubali upesi. Tata aliamua tangu alipoacha kula. Alichokosa ni mtu wa kushindwa naye bila aibu, akamchagua binti yake.

Kiraka hakikufumuka. Harusi yangu ilipofika, alinikanyagia na mimi.