Kabichi Chini ya Ngoro

Daktari aliniambia nisiiname. Alilisema hilo bila hata kutabasamu, picha ya mgongo wangu ameielekeza dirishani, na mimi nikamwuliza kama amewahi kuona kabichi inayopandwa na mtu aliyesimama wima. Akasema basi nitafute watu wa kunisaidia. Nilitoka hospitali ile ya Litembo nimekasirika kuliko nilivyoingia, kumbe msaada wenyewe ulikuwa umeshafika shambani.

Kwetu Umatengoni milima imesimama. Ukilima hovyo kwenye mteremko, mvua ya kwanza inaupeleka udongo wako mtoni. Ndiyo maana wazee wetu walibuni ngoro. Mwanamume anafyeka majani marefu kwa nyengo, anayalaza kwa mistari ya kupanda na ya kukatiza mpaka mteremko mzima unakuwa na vyumba vyumba. Kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuyafukia yale majani. Katikati linabaki shimo la kukinga maji, pembeni tuta, na juu ya tuta maharage. Ni kazi ya akili, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mgawanyo: wao wakimaliza kulaza majani wanakwenda kupumzika, sisi ndio tunainama kutwa nzima. Nimefukia ngoro tangu usichana wangu, na mgongo umeniletea malipo.

Mambo ya kabichi yalianza soko huria lilipoingia. Zamani chama cha ushirika kilituletea mrututu wa kunyunyizia kahawa, tukalipa baada ya kuvuna. Mara chama kikawa hoi, dawa ikahamia madukani kwa fedha taslimu, na wanunuzi wapya wakaja na magari yao na bei zao, leo hivi, kesho vile. Mume wangu aliendelea kuzunguka mikahawa yake akiipapasa kama mgonjwa atakayepona wiki ijayo. Mimi nilichoka kungoja. Nikamwomba kile kipande cha mteremko kilicho chini ya nyumba nipande kabichi.

"Kabichi," akasema. Ungedhani nimetaja kupanda mawe.

Nilikuwa na sababu. Mwenye duka mmoja wa Mbamba Bay, ambaye ukoo wake ulitoka pwani, alikuwa akipandisha huku na pikapu yake kuuza sabuni, kanga na dagaa, akirudi pikapu tupu. Aliniapia mbele ya watu: "Mama, wewe lima tu. Kule ziwani joto, kabichi haifungi. Watu wamechoka kisamvu. Ukinijazia gari, wallahi siendi kwa mwingine." Nikampelekea mume wangu maneno hayo. Akafikiri, akasema sawa, msimu mmoja. Pikapu isipojaa, kipande kinarudi kwenye maharage na mahindi kama vya watu wote, na habari za mboga zisisikike tena nyumbani mwake.

Hali ya hewa ya mwaka huo ilikuwa na chuki binafsi na mimi. Mvua ya mawe ilipiga kitalu cha kwanza ikakisaga. Kitalu cha pili nilikijengea kijipaa cha nyasi ubavuni mwa jiko, nikakilinda kuku wasikiguse, nikakilinda hata dhidi ya mume wangu aliyetaka kuweka baiskeli pale. Miche ilipofaa kuhamishwa, jua likawaka kwa hasira, na kila jioni mawingu meusi yanakusanyika yakitishia mawe mengine. Mume wangu alikuwa ameshuka Mbinga mjini kutafuta mnunuzi wa kahawa mwenye utu. Basi nikafyeka majani mwenyewe, nikaifunika miche mstari kwa mstari isiungue wala isipigwe, na kwa kuwa mteremko ni mkali, nikalaza na mistari ya kukatiza ili maji yasiteremke na kila kitu. Nikiwa mwishoni kabisa, mgongo ukakaza. Nilirudi nyumbani kwa magoti. Kesho yake nikapelekwa Litembo juu ya lori la mchanga, na kila shimo la barabara ile nalijua mpaka leo. Wakanilaza.

Siku niliporuhusiwa niliingia uani nikakuta wanawake wa ukoo mzima wananawa miguu. Majembe yameegemezwa ukutani, yana udongo mbichi. Mama mkwe alikuwa katikati yao, anang'aa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na mgongo. Usihangaike tena, tumekumalizia."

"Mmenimalizia nini, mama?"

"Ngoro yako. Tungeiachaje, na wewe unaumwa? Na mwanangu safari hii kajitahidi, majani kayalaza yamenyooka kabisa. Maharage ya mbegu nakuletea kesho asubuhi."

Nilishuka kuangalia, mkono kiunoni. Sijawahi kuona ngoro zilizokaa vizuri namna ile. Mashimo yamelingana, matuta yamepigwapigwa kwa jembe yakalainika. Walikuja alfajiri kwenye ukungu, wakaona majani yamelazwa vyumba vyumba kwenye mteremko, na Mmatengo gani akiona hivyo atafunua kwanza aangalie kuna nini chini? Kila kabichi yangu ilikuwa imezikwa. Wema hauozi, wanasema. Kabichi zinaoza.

Nilitaka kupiga kelele, lakini nimpigie nani? Wanawake wale waliacha mashamba yao wakati kila mtu anakimbizana na msimu. Hakuna aliyewapikia pombe, hakuna aliyewaita. Kazi ya namna hiyo tunaiita ngokela, na aliyefanyiwa ngokela huwalisha waliomfanyia, awe mzima au mgonjwa. Basi nikasonga ugali wa kuwashukuru watu walionizikia shamba. Nilisonga nimepinda, machozi yakinitoka, nao wakadhani ni moshi na maumivu. Wifi yangu akaniuliza mbona kimya. Nikamwambia mgongo. Wakasema pole wote kwa pamoja, wakaomba mboga zaidi.

Mume wangu alirudi magharibi, bila mnunuzi mwenye utu. Nilimweleza yote bila kupumua. Akacheka. Nikamrushia mwiko, ukamkosa, na hilo nalo likaniudhi. Kisha akatoka akasimama ukingoni mwa mteremko akiutazama, akarudi ndani, akaenda kulala. Nikajua kwisha. Alitaka maharage, na maharage ameyapata bila hata kunikatalia. Nililala nimempa mgongo, huo huo mbovu.

Asubuhi sikumkuta kitandani. Nilimkuta shambani, kwenye manyunyu, amepiga magoti, anafukua tuta kwa vidole. Mwanamume wa kwetu kugusa udongo wa ngoro si jambo la kuonekana. Watu waliokuwa wakipita njia ya juu walisimama. Yeye hakuwaangalia. Alikuwa anaikwanyua miche yangu kwa kuivuta shingo.

"Shingo! Usishike shingo!"

"Nishike wapi sasa?"

"Jani! Shika jani, fukua pembeni kwanza!"

Akashika jani, likamkatikia. Nikasimama pale juu na fimbo yangu, nimekatazwa kuinama, namwelekeza na kumkaripia, na yeye ananung'unika kwamba hakujua kazi hii ina kuinama kiasi hiki. Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Majani niliyofunikia yalikuwa yameikinga miche kidogo, kwa hiyo mingi ilitoka hai, imepauka, imelala ubavu. Mingine ilikuwa imeshakwisha.

Mama mkwe akatokea na kikapu cha mbegu. Alimwona mwanawe magotini kwenye tope akaganda. Mume wangu aliinuka, akapanda mpaka alipo, wakaongea nisiwasikie. Kisha mama akageuka na kikapu chake, akaondoka. Hakunisalimia.

Nilikaa na hofu wiki nzima kwamba nimegombanisha mtu na mama yake kwa ajili ya kabichi. Kila nikimwuliza alimwambia nini, jibu lake: "Mambo ya kawaida." Mtu ukiishi na majibu ya namna hiyo, mgongo utaachaje kuuma?

Kabichi zilizopona zilifunga. Mwenye duka alikuja, akazipanga kwenye pikapu, na pikapu haikujaa hata nusu. Akanifariji kwamba Mungu akipenda mwakani. Nilikuwa nikimtazama mume wangu. Makubaliano ni makubaliano, na nilingoja ayataje. Hakuyataja siku hiyo, wala wakati wa mavuno ya mahindi, wala kahawa ilipochumwa, na kungoja huko kuliniudhi kuliko angenifukuza shambani siku ile ile.

Mvua mpya zilipokaribia nilikuwa kisimani na wifi yangu. Akaniuliza, "Hivi kaka ulimpa nini?"

"Kwa nini?"

"Siku ile ya kufukua. Alimwambia mama, 'Lile shamba lina mwenyewe, na mwenyewe si mimi. Anayetaka kuingiza jembe amwulize yeye kwanza.' Mama alinuna mpaka Pasaka. Ina maana hukuambiwa?"

Nilipanda nyumbani na ndoo yangu nusu, maana nzima siiwezi tena, nikamkuta anakula. Nikasimama mlangoni nikamwuliza, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia, mteremko ule mwaka huu unapandwa nini.

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe.

"Sasa unaniuliza mimi?" akasema, akaendelea kula.