Ng'ombe wa Babu Ukutani

Mimi nauza viatu sokoni Homa Bay, na siku mteja mmoja aliponiambia kwamba ile jela ndogo ya wakoloni kule mpakani imefanywa jumba la makumbusho, nilifunga kibanda saa nne asubuhi. Subira sina, nakiri. Nilimpigia baba simu huko kwetu Kegonga, na yeye ambaye hajawahi kukubali jambo mara ya kwanza akasema, "Njoo unichukue kesho."

Babu alifungwa katika jela ile kwa kuiba ng'ombe wa jirani. Ndivyo walivyoamua wazungu na ndivyo wanavyosema majirani mpaka leo. Sisi tunasema alisingiziwa. Kwa ajili hiyo baba alipigana shuleni akiitwa mtoto wa mwizi, na mpaka uzeeni yeye na mzee wa boma lile la jirani, mwenzake wa rika aliyetahiriwa naye msimu mmoja, hawasalimiani. Kabla hajafa, baba alitaka kitu kimoja tu: ushahidi kwamba babake hakuiba.

Tulifika kabla milango haijafunguliwa. Binti wa Kijaluo aliyekuwa akitembeza wageni alituonyesha pingu, sufuria ya uji na mlango wenye tundu la kuchungulia. Nilishika kila kitu mpaka akaniambia, "Madam, hapo usiguse." Baba aliuliza kuhusu karatasi za kesi. Hazikubaki, akajibiwa. Niliumia kwa niaba yake.

Chumba cha mwisho kilikuwa na ng'ombe waliochorwa ukutani kwa msumari. "Hizi michoro walichora tu juu ya kukaa bure," binti alisema.

Baba alivua kofia akasogeza uso hadi karibu na ukuta. Sisi Wakuria kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya mifugo, na mtoto anaijua kabla ya kujua a, e, i. Wetu hukatwa ncha ya sikio la kushoto. Hao wa ukutani walikuwa na masikio makubwa kama nyungo, na ncha za kushoto hazikuwepo! Katikati yao alisimama fahali mwenye pembe moja iliyoinama mpaka jichoni, yule yule wa babu tuliyesimuliwa tangu utotoni. Nilipiga kigelegele humo humo ndani. Nikaanza kupiga picha za kuwatumia shangazi zangu wote.

Kisha nikamtazama baba. Kidole chake kilikuwa juu ya ng'ombe wa mwisho, mtamba mdogo. Sikio lake la kulia lilikuwa limepasuliwa katikati, na hiyo ni alama ya majirani. Babu alikuwa amewazungushia wote ua mmoja wa boma, na huyo mtamba akiwa ndani. Aliyesingiziwa hamchori ng'ombe wa mwenzake katika boma lake mwenyewe. Nikaacha kupiga picha.

"Mzee, kuna kitu unaona?" binti aliuliza.

Hapo ndipo nilipojijua. Hakuna mwingine ambaye angeweza kuusoma ule ukuta, na mdomo wangu ulishaanza kazi. "Ni ng'ombe tu, dada. Twende nje kuna joto hapa."

"Nyamaza," baba akaniambia, bila ukali. Akamgeukia binti. "Andika, mama. Hawa ni ng'ombe wa baba yangu. Huyu wa mwisho si wetu."

Binti alitafuta kalamu. Baba alivaa kofia yake, akaiweka sawa, akaniuliza kama nina namba ya yule mzee jirani. Nikasema ninayo ya mwanawe.

"Mpigie. Mwambie baba yake aje, ng'ombe wao amepatikana."